Nepi ya Mtoto Haichomwi

Kabla hujanipa mkono wa salamu, jua kwamba mkono huu umefua nepi kwa miaka ishirini kasoro mmoja. Nimefua za watoto wa karani, wa mwalimu, wa muuza dagaa wa omena, na za mwana wa mchungaji mmoja ambaye choo chake kiliwashinda wote kwa ukali. Sijawahi kulazwa kwa sababu hiyo, na chapati zangu bado zinaliwa zikaisha. Kwa hiyo usinikunjie pua.

Nawaandikia ninyi mabinti mnaolea watoto wa watu nyumbani mwenu. Juzi mmoja wenu alinitembelea kutoka Mamboleo, akaketi, akavua viatu, akaniambia, "Mama, kulea si shida. Shida ni nepi." Nilicheka hadi nikakohoa. Nilidhani na vituo vyenu vyenye picha za wanyama ukutani mmeshaipita shida hiyo. Kumbe mavi ya mtoto hayajali kama ukuta umepakwa rangi.

Mimi kwetu ni Bondo, ndiyo maana watu wa Kisumu waliniita Nyar Bondo, yaani binti wa Bondo, na jina hilo likanishika kuliko la ubatizo. Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini, pale Nyamasaria, katika ploti yenye vyumba kumi vilivyotazamana, bomba moja mbele na choo kimoja cha shimo nyuma. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha sukari, akirudi mwisho wa wiki. Jirani mmoja alipata kibarua katika kiwanda cha samaki, akaniomba nimshikie mtoto "kidogo tu". Hiyo kidogo ilichukua miaka minne. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine, na baada ya muda nilikuwa na watoto sita sakafuni na kamba ya nguo iliyotoka mlangoni kwangu hadi dirisha la jirani wa nne.

Aliyenifundisha kazi ni Dani Dorsila. Dani kwa Kijaluo ni nyanya, ingawa yeye hakuwa nyanya wa mtu yeyote. Hakuwa na mtoto. Alikaa chumba cha kwanza, karibu na lango, mwembamba, mrefu, na macho yaliyokuona kabla hujafika. Ujanani alikuwa yaya katika nyumba kubwa za Milimani, na mambo ya watoto aliyajua mpaka yale ambayo hukuuliza. Ungemletea nepi iliyofungwa angekuambia mtoto amekula nini jana na kama mama yake amemdanganya mtu kuhusu uji.

Siku yangu ya kwanza nilichukua nepi ya mtoto wa jirani, nikaitumbukiza kwenye beseni pamoja na vyote vilivyokuwa ndani yake, nikaanza kukoroga. Dani akasimama mlangoni.

"Nyar Bondo, unapika uji?"

Nikamwambia nafua.

"Hiyo si kufua. Hiyo ni kugawa."

Akanipokonya beseni. Siku hiyo nilijifunza kwamba nepi ya kitambaa hufuliwa mara tatu, na mara ya kwanza haina maji. Unaanza kwa kuipeleka chooni ukaikung'uta, kisha unakwangua kilichobaki kwa gunzi la mahindi, na gunzi nalo unalitupa humohumo. Ya pili ni maji baridi, si ya moto, kwa sababu maji ya moto hulipika doa likakaa kama limezaliwa na kitambaa. Ya tatu ndiyo sabuni, na debe la kuchemshia, debe ambalo halitapikiwa hata maharagwe ya mbwa. Kila mtoto alikuwa na uzi wa rangi yake ulioshonwa pembeni mwa nepi zake, ili nepi ya mtu isivaliwe na mwingine. Na zile pini za kufungia nepi, unazichoma kwenye kipande cha sabuni. Pini iliyotoka kwenye sabuni hupenya taulo bila kusukumwa, na mtoto hachomwi. Wengi wenu hamjawahi kuona pini ya nepi, lakini hiyo ya sabuni muiweke kichwani, itawafaa kwa kitu kingine.

Makosa nilifanya mengi. Kuna wiki bomba lilikauka. Ajabu ya Kisumu ni hiyo: ziwa lote hilo lipo mbele yako, na bomba linakohoa upepo. Ndoo ya nepi ilikuwa imejaa siku mbili, kifuniko kinainuka chenyewe. Nikaibeba kichwani hadi ufukweni Dunga, nikachuchumaa majini nikaanza kazi. Hatua chache kutoka kwangu walikuwepo akina mama wakipaa samaki. Mmoja wao, mnene, kisu mkononi, aliacha samaki wake akanitazama.

"Mama, umetoka wapi?"

"Bondo."

"Na kwenu Bondo ziwa haiko?"

"Iko."

"Na mnakunywa hiyo maji?"

"Tunakunywa."

"Basi rudi ufulie kwenu, ndiyo ninyi mkunywe."

Wenzake walicheka hadi samaki wakawaponyoka. Niliondoka na ndoo yangu nikitiririkwa shingoni na kitu ambacho sitakitaja. Lakini yule mama alinifuata, akanionyesha mahali mbali na ukingo pa kumwaga maji machafu, kwenye nyasi, na akanichotea ndoo mbili za maji safi kwa mikono yake. Tangu hapo sikuwahi kuingiza nepi ziwani, na nikiona mtu akifanya hivyo mimi ndiye ninayemuuliza kwao ni wapi.

Sasa nifike kwenye kisa nilichokusudia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuja Mama Kevin. Alikuwa karani wa benki mjini, viatu vya visigino, kucha nyekundu, lakini hana makuu. Alinikabidhi Kevin wa miezi mitano, na pamoja naye mfuko wa plastiki uliojaa vitu vyeupe, vyepesi.

"Nyar Bondo, hizi ni nepi za karatasi. Unavalisha, ikijaa unatupa. Hakuna kufua."

Nilidhani ananitania. Nilimwita Dani Dorsila aje ashuhudie. Dani aliichukua moja akaigeuza, akaivuta masikio, akainusa. Kisha akaagiza kikombe cha maji, akaimiminia. Maji yakaingia, yakapotea. Akamimina kingine. Yakapotea. Watoto walikusanyika, majirani wakaacha masufuria. Kikombe cha nne ndicho kilichoanza kuvuja kidogo pembeni.

"Hii kitu inakunywa kuliko mzee wangu, Mungu amrehemu," Dani akasema, akairudisha mezani kwa heshima.

Ndani ya miezi michache akina mama wanne kati ya sita walizihamia, hata yule wa kiwanda cha samaki, aliyekuwa ameniletea mtoto wake wa pili, angalau kwa siku za mvua, maana kitambaa hakikauki mvua zikianza. Mimi nilikuwa na mwanangu wa mwisho, Ouko, wa miezi tisa, naye alibaki na taulo zake zenye uzi wa bluu. Lakini sikuwa mjinga: kupunguza nepi nne za kufua kila saa mbili ni mgongo ulionyooka. Nilizipenda zile za karatasi kama mtu anavyompenda mgeni anayeosha vyombo.

Isipokuwa jambo moja. Mama Kevin alisema "unatupa", hakusema wapi.

Kuzichoma haikuwezekana. Mtu yeyote wa pale, Mjaluo au Mluhya, aliyesoma au asiyesoma, angekuambia: nepi ya mtoto haichomwi. Ukichoma uchafu wa mtoto, moto unamfuata. Makalio yatatoka vidonda, tumbo litamwaka, na akikua huenda asizae. Mama Kevin mwenyewe, na benki yake, alinishika mkono siku ya pili akaninong'oneza, "Lakini usichome, eh?" Na mimi niliamini. Nikimwambia mtu sikuamini, nitakuwa nasema uongo.

Kuzitupa jaani nako kulikuwa na mambo yake. Alhamisi moja akina mama wa kanisa walikuja kuniombea chumbani mwangu, wamevaa vitambaa vyeupe vya kichwa, na mama kiongozi amefumba macho amefika katikati ya sala. Mbwa wa jirani akaingia na nepi ya Kevin mdomoni, akailaza katikati yetu, akakaa kusubiri asante. Sala ile ilipata amina ya haraka kuliko zote nilizowahi kusikia.

Basi nikaamua ni chooni. Nikajiambia shimo ni shimo, lina kina cha futi ishirini, nani amewahi kuona mwisho wake? Asubuhi na jioni nilikuwa napita na mfuko wangu chini ya leso, natupa, nasikia unatua, narudi. Nilifanya hivyo miezi saba bila kumwambia mtu, na majirani wakadhani akina mama wanaondoka nazo jioni. Na hapo ndipo nilipokosea, si kwa ubaya, bali kwa kusahau vikombe vinne vya Dani. Kitu kinachokunywa vile mezani, kitakunywa vipi shimoni?

Mwezi wa nne mvua za masika zilikuja na hasira. Nyamasaria mnaijua: udongo mweusi, maji hayashuki, yanapanda. Siku ya tatu mfululizo, saa moja asubuhi, mpangaji mmoja alitoka chooni mbio huku ameshikilia suruali. Tukaenda kuangalia. Maji yalikuwa yamepanda hadi mdomo wa shimo, na juu yake nepi zimeelea, zimevimba kama mikate iliyoiva, zinasukumana kutoka nje. Nyingine zilikuwa zimeshatoka, zinasafiri polepole kuelekea bombani.

Mwenye ploti, Mzee Odhiambo, alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache na kofia moja. Alisimama pale na gambuti zake, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini jirani mmoja alikuwa mwepesi kuliko mimi: "Mzee, mtoto mpya kwa hii ploti ni wa Nekesa."

Nekesa alikuwa msichana wa Bungoma aliyeolewa mwaka huo, kichanga chake kina wiki sita, hana hata mtu wa kumtekea maji. Macho yote yakamgeukia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anatumia vitambaa tu, hizo za karatasi hajawahi hata kuzigusa. Mzee Odhiambo akamwambia amwambie mumewe watafute chumba kingine. Na mimi nikafunga mdomo wangu, nikaenda ndani kuwakorogea watoto uji.

Nitawaambia ukweli, uji ule uliungua. Nilikaa nikijitetea moyoni: nina watoto sita, wakifukuzwa mama zao watakosa kazi, yeye Nekesa ni mtu mmoja. Hesabu ilikuwa nzuri na bado ilinikereketa. Mchana nilimsikia ukutani anafunga vyombo huku kichanga kinalia. Nikamweka Ouko mgongoni, nikatoka hadi kwa Mzee Odhiambo, nikamkuta anakunywa chai.

"Mzee, ni mimi. Zote. Nekesa hajui kitu."

Alikunywa chai yake hadi mwisho kabla ya kujibu.

"Nyar Bondo, ungesema asubuhi."

"Ningesema asubuhi, Mzee."

"Sasa sikiliza. Huyo msichana akae. Utazitoa zote. Na nepi sitaki kuona kwa choo yangu, sitaki kwa jaa, sitaki kwa mtaro. Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Kama hujapata mahali ya kupeleka hiyo kitu, hao watoto watoke."

Niliazima reki na kuanza kuzivua zile nepi siku hiyohiyo. Sitawaeleza harufu. Nilipokuwa nimeinama nilisikia mtu nyuma yangu, nikageuka. Ni Nekesa, ameshika gunia wazi, amejifunga kitambaa puani. Nilianza kumwomba msamaha.

"Mama, weka ndani," akasema. "Tutaongea ikiisha." Tulijaza magunia matatu, na mwishowe hatukuongea, tulikoga.

Magunia yalikaa nyuma ya chumba changu yakichuruzika maji. Nichimbe shimo jingine? Futi mbili tu, maji yamejaa. Nibebe nikatupe mtoni? Ningesikia sauti ya yule mama wa Dunga usiku kucha. Ulikuwa umebaki moto tu. Nikaenda kwa Dani Dorsila kumwambia, kwa sababu sikuwahi kufanya jambo la watoto bila yeye kulijua.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Hata hakupaza sauti.

"Usichome."

"Dani, nifanye nini basi?"

"Mimi nilichoma mara moja," akasema. "Nilikuwa bado msichana. Mtoto yangu ya kwanza ilikuwa mgongoni. Pale Milimani memsahibu alitaka takataka yote ichomwe, na mimi nikatupa nguo ya choo ya mtoto yangu ndani, nikaona ni kazi moja. Wiki haikuisha. Akatoka vidonda huku chini, akaanza kuhara, akaenda. Mama ya mzee wangu alisimama mbele ya watu akasema, ni wewe umechoma huyu mtoto. Hakuna mtu alisema hapana." Akakunja leso yake magotini. "Sikupata ingine. Kwa hivyo usiniulize."

Nilikuwa nimekaa na mama huyu miaka saba na sikujua. Nililia, yeye hakulia. Nilirudi kwangu nikiwa nimeogopa kuliko nilivyotoka.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nikawaita akina mama wote. Nikawaeleza: ama tuchome, ama baada ya Jumamosi ijayo kila mtu atafute wa kumwachia mtoto. Mama wa kiwanda cha samaki akainamisha kichwa. Nilijua hana mtu. Lakini alipozungumza alisema, "Ya mtoto wangu usichome. Afadhali niache kazi." Na wengine wakaitikia. Mama Kevin akatazama kucha zake.

Sijui nilipata wapi ujasiri, na mpaka leo sina uhakika kama ulikuwa ujasiri au uchovu. Nikasema, "Nitachoma ya Ouko kwanza. Mbele yenu. Mmwangalie wiki nzima. Akipatwa na kitu, mchukue watoto wenu."

Kesho yake baada ya kanisa niliiweka nepi ya Ouko kwenye bati, ile ya uzi wa bluu, na kazi ya asubuhi ikiwa bado ndani, nikamwagia mafuta ya taa. Njiti mbili zilinivunjikia, ya tatu ikashika. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Usiku uliopita alikuwa ameyasema yote. Dani Dorsila alifunga mlango wake na dirisha. Nepi ikawaka, ikatoa moshi mweusi, ikaisha. Ouko akapiga chafya, na watu kumi na moja wakashtuka.

Tangu hapo makalio ya Ouko yakawa mali ya umma. Mtu akienda kuteka maji anapitia kwangu: "Nyar Bondo, fungua tuone." Nafungua. Wanainama, wanatazama, wanaondoka wakitikisa vichwa kama madaktari. Hata Mzee Odhiambo alipita Jumanne akijifanya anakagua bati la paa, akauliza mtoto anaendeleaje "kwa jumla". Ouko alipenda sana. Alifikia hatua ya kugeuka mwenyewe akiona mgeni.

Jumatano asubuhi nilimfungua nikakuta wekundu. Si kidogo, makalio mazima na mapajani, na vipele viwili vimeanza kutoa maji.

Mabinti, sikumbuki nikivuka ua. Nakumbuka tu nikiwa mlangoni kwa Dani na mtoto mikononi, nikisema, "Nimemchoma. Dani, nimemchoma." Kwa nini nilikimbilia kwake, mtu aliyenikataza, sijui. Nadhani mtu aliyekufundisha kazi ndiye unayemkimbilia ikikushinda.

Angeweza kuniambia, nilikuambia. Alikuwa na haki. Alinitazama usoni, kisha akasema, "Leta yeye kwa mwangaza."

Alimlaza kifudifudi kwenye mapaja yake. Akabonyeza wekundu kwa dole gumba, akaachia, akangoja damu irudi. Akanusa. Akamfungua mikunjo ya mapaja. Kisha akainuka naye, akatembea hadi kwenye kamba yangu, akazishika nepi moja baada ya nyingine, akaiweka moja shavuni.

"Hii umemvalisha ikiwa mbichi."

"Dani, siku nne hakuna jua."

"Angalia hapa." Kidole chake kilipita pembeni ya wekundu, polepole. "Imefuata tu pahali nepi inakaa. Hapa kwa mkunjo nepi haigusi, ni safi. Moto haiwezi kujua nepi inaishia wapi. Hii ni unyevu."

Alinituma samli. Tukampaka, tukamwacha matako wazi kwenye mkeka karibu na jiko, na nepi nikazikausha kwa pasi ya makaa moja moja, mbele na nyuma, hadi zikawa zinaunguza kiganja. Dani alishinda kwangu siku hiyo yote na zilizofuata, akimpaka kila mara. Alhamisi aliniuliza huu ni mwezi wa ngapi, nikamwambia wa nne, akarudi kumpaka.

Ijumaa jioni ngozi ilikuwa imefunga. Jumamosi walikuja wote, mama wa kiwanda cha samaki, Mama Kevin bila visigino, Nekesa na kichanga chake, Mzee Odhiambo na kofia yake. Nikafungua. Sikuwaficha, nikawaeleza kulikuwa na wekundu na Dani ameuona na kuusoma. Wakamgeukia yeye. Neno lake ndilo lililokuwa limebaki, na kama angetikisa kichwa tu, watoto wangu wangekuwa wameondoka siku hiyo.

"Ilikuwa nepi mbichi," Dani akasema. "Mtoto ni mzima. Chomeni."

Tulichoma magunia matatu, mbali na milango, upepo ukielekea shambani. Mzee Odhiambo alituletea pipa la reli lililotoboka chini, na kuanzia siku hiyo kila Jumamosi likawa na kazi: unakung'uta choo kwanza shimoni, unaikunja nepi na kuifunga kwa masikio yake, unaiweka kwenye ndoo yenye kifuniko hadi siku yake. Ninyi leo mna gari la kuzoa taka, lipeni lije. Moshi ule si wa kuvutwa na mtoto, na kama ningekuwa na gari nisingewasha kiberiti. Lakini kukung'uta kwanza, na kukausha hadi ndani, hakujabadilika.

Watu walipotawanyika, Dani alibaki ameketi kwenye kigoda changu, Ouko mapajani. Mama wa kiwanda cha samaki alikuwa ameondoka akiimba. Nikamletea chai, hakuishika.

"Na mtoto yangu pia, ilikuwa mwezi wa nne," akasema. "Mvua ilikuwa hivi. Nilikuwa nakausha nguo yake kwa mwili yangu, kwa sababu huko kwa kota ya wafanyakazi hatukuwa na moto."

Nikakiweka kikombe chini.

"Basi si mimi, Nyar Bondo."

"Si wewe, Dani."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena, nikamwambia tena, na machozi yalikuwa yanamteremka bila yeye kuyajali, hadi yakamdondokea Ouko kichwani. Akapapasa pembeni bila kuangalia, akashika nepi, akajifuta uso wote. Kisha akasita, akaishusha taratibu, akaikagua mbele na nyuma kuona kama ilikuwa safi, na alipoona ni safi akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na hatukuweza kunyamaza hadi Nekesa akaja kuuliza kuna nini.